Kisanduku cha Matokeo

Kwa Ofisi ya Ruzuku, Chuo Kikuu:
mmeniachia kisanduku cha upana wa kiganja
nieleze humo "matokeo yanayopimika."
Nimekaa nacho tangu Ijumaa.
Theluji ya kwanza inaanguka juu ya Aroostook
bila kujaza fomu yoyote.

Nianze na hesabu, najua mnaipenda:
hadubini tano, kila moja na jicho la kamera;
kioo kimoja cha ukutani, kipana kama mlango wa ghala la viazi;
wanafunzi kumi na wanne;
mwalimu mmoja, miaka ishirini na sita akila vumbi la chaki.
Fundi wenu, Thaddée, aliendesha saa tatu kutuletea maboksi,
akafunga nyaya akiwa amepiga magoti,
akanifundisha kuwasha, kuzima,
na la kufanya kioo kikigoma.
Kiligoma. Nilifanya.

Wiki ya kwanza tulitazama kila kisichokimbia:
chumvi, unywele wa Colette, bawa la nzi,
uchafu wa chini ya ukucha wangu,
ambao darasa zima liliupigia makofi.
Hata Odilon, asiyesoma mstari bila kusukumwa,
alisimama mbele ya kioo akausoma mguu wa chungu
kutoka juu mpaka chini, bila kukosea.
Hilo lipimeni mkiweza.

Kisha, mwisho wa Agosti, Bastien Ouellette
akaja na jani ndani ya mfuko wa mkate.
Jani la kiazi, lenye doa la rangi ya chai iliyopoa.
"Baba anasema ni maji tu. Mvua zimezidi."
Akaliweka mwenyewe chini ya lenzi,
akazungusha kifundo taratibu, kama alivyofundishwa,
na ukuta ukajaa
vijiti vyembamba vyeupe, na kwenye ncha za vijiti
malimau madogo madogo, mamia, yameiva.

Hakuna aliyecheka.
Hawa ni watoto wa viazi; shule yetu hufungwa wiki tatu
wakavune. Jina la baka-chelewa
wamelisikia mezani kwa sauti ya chini,
kama jina la ndugu aliyefilisi ukoo.
Macho hayana pazia,
na haya mliyotupa hayana hata kope.

"Mwalimu," Bastien akasema, "kizime."
Nikakizima.
Ukuta ukarudi kuwa ukuta.
Shamba halikurudi kuwa shamba.

Nilimpigia baba yake simu saa ya chakula.
Gervais alinyamaza muda mrefu
hata nikasikia trekta yake ikipumua.
Akauliza jambo moja: "Wote wameona?"
Wote walikuwa wameona.
Kufikia jioni kila jirani alikuwa ameinama matutani
na tochi, akigeuza majani.

Ekari nane za Ouellette ziliuawa kwa dawa, mashina na yote.
Za majirani zilipona.
Andikeni hivyo katika taarifa yenu ya mwaka,
ila msije kumpiga picha mtoto.

Hakuja siku nne. Kisha likizo ya mavuno ikafika,
akavunia watu wengine, kwa ujira wa pipa.
Oktoba alirudi. Hakuniamkia.
Alikwenda kwenye hadubini ile ile, ya tatu kutoka dirishani,
akafuta lenzi kwa pindo la shati
(nimewakataza; sikusema kitu),
akakata kiazi cha shamba la mwingine, ukanda mwembamba kama karatasi,
akatazama punje za wanga mpaka kengele ikalia.
Kamera hakuiunganisha. Alitazama peke yake.

Kisanduku kimejaa, sasa naandika ukingoni.
Idadi ya walionufaika: kumi na wanne.
Kumi na watatu nimewaandika kwa wino,
mmoja kwa penseli.